Umerukwa Cheo? Mwongozo Kamili wa Kudai Ukubwa Kazini kwa Watumishi wa Umma wa Arusha na Kilimanjaro

Si ajabu, katika halmashauri zetu za Arusha na Kilimanjaro, kukuta watumishi wawili walioripoti kazini wiki moja, wakiwa na elimu moja na kada moja, lakini mmoja ni Mwandamizi na mwenzake bado yuko Daraja la I. Aliyebaki nyuma hulalamika kwa miaka, kwenye korido na kwenye maandalizi ya Mei Mosi, na siku anapoamua kuandika barua huandika jinsi alivyoumizwa. Barua ya namna hiyo haimsaidii hata afisa utumishi mwenye nia njema, kwa kuwa hakuna ndani yake kitu kinachoweza kulinganishwa na kilichomo kwenye jalada. Mgogoro wa ukubwa kazini, yaani wa nani amemtangulia nani katika cheo, ni mgogoro wa tarehe. Mwenye tarehe zilizothibitishwa kwa maandishi, aliyezipeleka kwa mamlaka inayohusika kabla muda haujapita, hupata jibu la maana hata pale ambapo jibu lenyewe ni hapana.

Tambua kwanza ni mgogoro wa aina gani

Mtumishi anaposema hajapandishwa, huenda anazungumzia mojawapo ya mambo manne yasiyofanana. Huenda amecheleweshwa pamoja na kada yake nzima kwa sababu nafasi hazikutengewa fedha. Huenda amerukwa, yaani walio chini yake wamepanda naye akaachwa. Huenda barua ya kupandishwa anayo, lakini mshahara haukubadilika. Au huenda kumbukumbu zake zina kosa, kwa mfano tarehe ya cheo cha sasa iliyoingizwa kwenye mfumo si ile iliyoandikwa kwenye barua.

Jambo la kwanza ndilo gumu kuliko yote, na ni vema kusema wazi kwamba kupandishwa cheo si stahili inayokuja yenyewe miaka ikitimia. Ni lazima mtumishi awe na sifa zilizotajwa kwenye muundo wa maendeleo ya utumishi wa kada yake, utendaji wake uwe wa kuridhisha, na nafasi iwepo kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) na bajeti ya mishahara ya mwaka huo wa fedha, unaoanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Kama kada yako yote imekwama, rufaa haitakusaidia. Kinachofaa ni kuhakikisha jina lako limo kwenye mapendekezo ya ikama yanapoandaliwa, jambo ambalo hufanyika miezi mingi kabla ya Julai, wakati ambapo watumishi wengi hawana habari nalo. Jambo la pili, la kurukwa, ndilo lenye hoja nzito, kwa sababu hata kama huna haki ya kupandishwa, una haki ya kufikiriwa kwa vigezo vilevile alivyofikiriwa mwenzako.

Yapo pia madai yanayofanana na haya ambayo hayana msingi, na ni afadhali kuyaweka kando mapema. Kukaimu nafasi ya mkuu wa idara, hata kama ulikaimu kupita kikomo cha miezi sita, kunaweza kuzaa dai la posho ya kukaimu, lakini hakukupi ukubwa katika cheo. Uteuzi wa madaraka nao, kama ukuu wa shule au ukuu wa kitengo, hufuata utaratibu wake na hauko kwenye ngazi za muundo. Vilevile shahada uliyoipata ukiwa kazini haikupandishi yenyewe: ikikuhamishia kada nyingine, huanzia cheo cha kuingilia cha kada hiyo, na kama mshahara wako wa zamani ulikuwa mkubwa zaidi, hubaki nao kama mshahara binafsi. Ukubwa wako katika kada mpya huhesabiwa upya, na hapa ndipo watu waliotoka kwenye ualimu au uuguzi kwenda kada nyingine hujiona wameonewa, ilhali utaratibu umefuatwa.

Jua mwajiri wako ni nani

Hatua hii inaonekana ya kitoto, lakini katika mikoa yetu miwili inapoteza muda wa watu wengi. Mhudumu wa afya wa zahanati au kituo cha afya cha Serikali yuko chini ya Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri yake. Anayefanya kazi hospitali za rufaa za mkoa, Mawenzi mjini Moshi na Mount Meru mjini Arusha, yuko chini ya Wizara ya Afya. Watumishi wa sekretarieti ya mkoa mwajiri wao ni Katibu Tawala wa Mkoa. Mtumishi wa Serikali aliyepangwa kufanya kazi kwenye hospitali ya taasisi ya dini hapandishwi na taasisi hiyo, hata kama ndiyo inayompangia zamu na kumpima utendaji. Watumishi wa mashirika na mamlaka za umma, ambazo Arusha inazo nyingi, kuanzia TANAPA hadi AICC, wana miundo na ngazi zao za mishahara, ingawa nao ni watumishi wa umma.

Walimu wa shule za msingi na sekondari za Serikali wana mlango wao: Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, ambayo ndiyo inayoshughulikia upandishaji wa vyeo vyao kupitia ofisi zake za wilaya. Mwalimu anayempelekea Mkurugenzi peke yake malalamiko ya daraja atasubiri bure.

Kusanya tarehe

Fungua jalada lako mwenyewe nyumbani, kama huna tayari. Ndani yake ziwepo barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini baada ya kipindi cha majaribio cha miezi 12, kila barua ya kupandishwa cheo, barua za uhamisho, barua za ruhusa ya masomo na za kuripoti baada ya masomo, na hati za mshahara za mwezi kabla na mwezi baada ya kila mabadiliko. Kisha ingia kwenye mfumo wa ESS, ule wa mtandaoni wenye taarifa za kila mtumishi, ulinganishe kilichoandikwa humo na barua zako, mstari kwa mstari. Tofauti ya siku moja si kitu, lakini tofauti ya mwaka wa fedha ni jambo kubwa.

Kuthibitishwa kazini ndiko kunakosahaulika kuliko yote. Mtumishi ambaye hakuthibitishwa kwa wakati, mara nyingi kwa sababu mkuu wake hakujaza fomu, huchelewa tangu cheo cha kwanza, na ucheleweshaji huo humfuata hadi juu. Akiligundua hilo miaka kumi baadaye, atalazimika kueleza kwa nini alinyamaza.

Usiache tathmini za utendaji. Zamani zilikuwa fomu za OPRAS, ambazo watu wengi walizijaza mwezi Juni kwa haraka ili zipelekwe tu. Siku hizi ni mfumo wa PEPMIS, ulioanza kutumika mwaka wa fedha 2023/24, na ambao hauna huruma kwa asiyejaza. Mtumishi asiye na kazi alizopangiwa na kupimwa ndani ya mfumo humpa mwajiri sababu rahisi ya kumwacha, na ni sababu ngumu kuipinga. Kama msimamizi wako hakupangii majukumu wala haidhinishi uliyoyafanya, mwandikie kumkumbusha, na nakala itunze.

Soma muundo wa kada yako

Kila kada ina waraka wa maendeleo ya utumishi unaoeleza vyeo, sifa na ngazi za mshahara. Kwa kada nyingi za maofisa wenye shahada, safari huanzia Daraja la II, kisha Daraja la I, Mwandamizi, Mkuu Daraja la II na Mkuu Daraja la I, na kila hatua hudai utumishi usiopungua miaka mitatu katika cheo cha chini. Neno la kuzingatia hapo ni "usiopungua": miaka mitatu ni kizingiti cha kuanza kufikiriwa. Baadhi ya kada hudai pia mtihani wa kitaaluma au usajili wa bodi, na mhasibu, mhandisi au mgavi asiye na usajili huo hana mahali pa kusimama hata kama ana miaka minane kwenye cheo kimoja. Muundo uombe kwa afisa utumishi. Si siri.

Omba kuiona nafasi yako kwenye tange

Tange ni orodha ya watumishi wa kada moja iliyopangwa kwa ukubwa kazini, ikionyesha tarehe ya kuzaliwa, ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa, cheo cha sasa na tarehe ya kukipata, pamoja na elimu. Ndiyo karatasi inayowekwa mezani kikao cha ajira kinapokaa, na asilimia kubwa ya migogoro ninayoijua ilianzia kwenye safu moja ya tange iliyojazwa vibaya.

Ukubwa hupimwa kwanza kwa tarehe ya kupata cheo cha sasa. Wakilingana, hutazamwa aliyetangulia kwenye cheo cha chini yake, na kurudi nyuma hivyo hadi ajira ya kwanza. Kwa hiyo mtu wa mwaka 2012 anaweza kuwa chini ya mtu wa mwaka 2014 kihalali kabisa, ikiwa huyu wa pili alitangulia kuwa Daraja la I. Miaka ya kukaa kituo kimoja haihesabiwi, na aliyehamia kutoka Longido kuja Jiji la Arusha huingia kwenye tange mpya na tarehe ya cheo chake, wala haanzi mkiani kwa kuwa ni mgeni. Tatizo la wanaohama ni kwamba jalada huchelewa kuwafuata, na katikati ya kuchelewa huko kikao hukaa bila taarifa zao.

Hapa lazima niseme kidogo kuhusu mwaka 2016, kwa kuwa madai mengi ya leo yanatokana nao. Mwaka ule Serikali ilisitisha upandishaji wa vyeo kupisha uhakiki wa watumishi hewa na wa vyeti vya kughushi. Wapo waliokuwa wamekwishapewa barua, zikasimama, na upandishaji uliporudi baadaye wakapewa barua nyingine zenye tarehe mpya. Wapo waliofikisha sifa ndani ya kipindi hicho na kupoteza miaka bila kosa lao. Tuseme Afisa Maendeleo ya Jamii aliyeajiriwa Julai 2012 alipata barua ya Daraja la I mwaka 2016, ikafutwa, akapewa nyingine ya Novemba 2017. Mwenzake aliyepata barua yake mwaka 2015 tayari ana karibu miaka miwili au zaidi mbele yake, na pengo hilo huendelea kwenye kila cheo kinachofuata. Kwa ajili ya watu hao Serikali ilileta upandishaji wa mserereko, unaomwezesha aliyeathirika kufikia cheo walichonacho wenzake bila kusubiri tena muda wote. Kama wewe ni mmoja wao, dai lako liite jina hilo na uambatanishe barua zote mbili, ile iliyofutwa na iliyoirithi, kwa sababu bila ile ya kwanza huonekani kuwa uliathirika.

Tange yote usiitafute kwa mlango wa nyuma. Picha za tange zinazosambaa kwenye makundi ya WhatsApp zina tarehe za kuzaliwa na taarifa nyingine za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusika. Omba kwa maandishi uonyeshwe nafasi yako na uthibitishiwe tarehe zako. Hilo halina ubishi.

Andika barua moja, fupi, yenye ngazi

Barua huelekezwa kwa mwajiri na hupitia kwa mkuu wako wa kazi (ndiyo maana ya "u.f.s." kwenye mfano). Kuruka ngazi ni kumpa mwajiri nafasi ya kujibu kuhusu utovu wa utaratibu badala ya kujibu kuhusu cheo. Mfano wa kiini chake ni huu:

*Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya …*
*u.f.s. Mkuu wa Idara ya Maendeleo ya Jamii*

*YAH: MAOMBI YA KUREKEBISHIWA UKUBWA KAZINI NA KUFIKIRIWA KUPANDISHWA CHEO*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Niliajiriwa tarehe …, nikathibitishwa tarehe …, na nikapandishwa kuwa Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la I kuanzia tarehe … (vielelezo A, B na C). Katika upandishaji wa mwaka wa fedha …, watumishi wa kada yangu waliopata Daraja la I baada ya tarehe hiyo walipandishwa kuwa Waandamizi, nami sikupandishwa. Sijapata taarifa ya sababu. Naomba: (i) nithibitishiwe tarehe za utumishi wangu zilizomo kwenye kumbukumbu za ofisi yako, (ii) nielezwe kwa maandishi sababu za kutopandishwa, (iii) nifikiriwe kupandishwa kuanzia tarehe walipopandishwa wenzangu.*

Majina ya wenzako usiyataje kama washitakiwa. Hawajakukosea, na kesho mtakuwa kikao kimoja. Ombi la pili ndilo lenye uzito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa sababu ikishaandikwa inaweza kupingwa, na kukaa kimya baada ya kuombwa sababu nako ni ushahidi. Hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa masjala wenye tarehe ya kupokelewa. Kupeleka nakala kwa Waziri, Mkuu wa Mkoa na Mbunge kwa wakati mmoja kunaonekana ni ujasiri, lakini kwa kawaida huishia kwa barua hiyo kurudishwa mezani kwa Mkurugenzi, akiwa sasa amekasirika.

Kabla au pamoja na barua hiyo, zungumza na chama chako cha wafanyakazi, iwe TALGWU, TUGHE au CWT. Katibu wa mkoa mzoefu humaliza kwa simu moja jambo la tarehe iliyokosewa. Kama wameathirika wengi, suala hilo lipelekwe pia kwenye Baraza la Wafanyakazi, kwa kuwa hapo linaingia kwenye muhtasari na menejimenti hulazimika kulijibu mbele ya watu.

Ukikataliwa au ukinyamaziwa

Kosa kubwa la hatua hii ni kukimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya CMA yenye ofisi Arusha na Moshi. Tangu marekebisho ya mwaka 2016 yaliyoingiza kifungu cha 32A kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, mtumishi wa umma anatakiwa kumaliza kwanza njia zote zilizomo ndani ya sheria hiyo kabla ya kutafuta nafuu kwenye sheria za kazi. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani, katika shauri lililohusu Shirika la Posta, ilisisitiza kwamba CMA haina mamlaka ya kusikiliza mgogoro wa mtumishi wa umma asiyepitia huko. Wapo walioshinda CMA, wakashinda tena Mahakama Kuu, kisha ushindi wote ukafutwa kwa hoja hiyo moja.

Mlango sahihi ni Tume ya Utumishi wa Umma, inayopokea rufaa na malalamiko dhidi ya maamuzi ya waajiri na mamlaka za ajira. Andika kwa Katibu wa Tume, mpe mwajiri wako nakala, ambatanisha uamuzi unaoupinga na vielelezo vilevile ulivyompa mwajiri, na eleza nafuu unayoitaka. Hesabu siku 45 tangu siku uliyopokea uamuzi, na uhesabu kwa kalenda, pamoja na Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Ukichelewa kwa sababu ya msingi, ugonjwa kwa mfano, omba kwanza kuongezewa muda na uambatanishe uthibitisho. Asiyeridhika na Tume hukata rufaa kwa Rais, ambaye uamuzi wake ni wa mwisho katika ngazi za kiutumishi. Mwalimu hupanda kutoka ofisi ya wilaya ya tume yake hadi makao makuu ya tume hiyo, kabla ya kufika kwa Rais.

Pale ambapo mtu aliombwa fedha au kitu kingine ili apandishwe, hilo si suala la ukubwa kazini tena. Liende TAKUKURU, likitenganishwa na barua ya madai ya cheo, ili moja lisiharibu jingine.

Mahakamani

Mahakama Kuu, yenye masjala Arusha na Moshi, haikai mahali pa kikao cha ajira wala haipandishi mtu cheo. Inachoweza kufanya kwa njia ya mapitio ni kutengua uamuzi uliotolewa bila mamlaka, bila kumsikiliza mhusika au kwa kuacha kufuata sheria, na kuamuru mamlaka itende wajibu wake. Kibali cha kufungua maombi hayo lazima kiombwe ndani ya miezi 6 tangu uamuzi ulipotolewa. Ukiwa na dai la kawaida dhidi ya Serikali, ikiwemo halmashauri, kuna notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa. Kwa maoni yangu, njia ya mahakama inafaa pale tu ambapo kosa ni la kisheria na linaonekana kwenye karatasi. Kupinga jinsi kikao kilivyopima utendaji wako ni kupoteza fedha za wakili.

Ukishapandishwa

Barua mpya isome kabla ya kuifurahia. Angalia tarehe ya kuanza cheo, ngazi ya mshahara na maneno yanayohusu malimbikizo. Kama tarehe ni ya mwezi huo wakati uliomba irudi nyuma, kuandika barua ya kukubali bila neno lolote kutatumiwa baadaye kama ridhaa. Kubali cheo, na katika barua hiyohiyo eleza kwa heshima kwamba suala la tarehe bado unalidai. Miezi miwili baadaye linganisha hati ya mshahara na barua, na kama malimbikizo hayajaonekana, peleka dai kwa afisa utumishi likiwa na jedwali la kila mwezi: ulicholipwa, ulichostahili, tofauti yake.

Aliyekaribia kustaafu ana sababu ya kuharakisha zaidi ya wengine. Pensheni ya PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, hukokotolewa kwa wastani wa mishahara ya juu ya miaka mitatu, hivyo cheo kinachokuja miezi minne kabla ya miaka 60 hubadilisha kidogo sana kile atakachokula uzeeni. Mtumishi wa miaka 55 anayejua kuwa tange yake ina kosa aanze mwaka huo huo, na ahakikishe kwamba taarifa zilizoko kwenye mfuko zinalingana na za mwajiri kabla hajaandika notisi ya kustaafu.